Mgonjwa Aulizwe

Kaka yangu Elinami aliniomba nisiseme, na msiba wote sikusema. Tulikuwa sebuleni kwa marehemu, mtaa wa Kijenge, Arusha, turubai limeshafungwa uani na akina mama wanamenya ndizi, yeye ameshika kalamu anaandika historia itakayosomwa kanisani. Marehemu ni mama yake mzazi, na kwangu ni mama mkubwa, dada wa mama yangu. Alipofika kwenye mwaka ule akaacha kuandika. "Aika," akasema bila kuniangalia, "pale kwako naona tuparuke. Tuandike tu kwamba alikuwa mlezi wa watu wengi." Mlezi wa watu wengi! Utadhani nilikuwa mmoja wa kuku wake. Nikamwambia, "Andika unavyotaka, kaka, kalamu unayo wewe." Akaandika hivyo, ikasomwa hivyo, watu wakaitikia amina, tukampandisha Machame tukamzika kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo. Haya. Sasa tumeshazika, matanga tumeanua, turubai limerudi kwa wenyewe, na kalamu ninayo mimi. Atakayeona aibu aone yake, yangu niliimaliza zamani.

Mwaka ninaousema ni ule ambao Arusha ilianza kuuza kila kitu. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni na sukari tulikuta maduka yamejaa, bidhaa zinaingia kutoka Namanga mchana kweupe, na watu waliokuwa walimu na makarani juzi leo wanaitwa wafanyabiashara. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya umma, na ofisi ilipoanza kupunguza watu nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuoneshwa mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama mkubwa akanichukua. Alikuwa na duka la mashuka na vitenge karibu na soko kuu, na mitumba akiiuzia nyumbani, kwa hiyo chumba alichonipa kilikuwa stoo: mabelo yamepangwa mpaka karibu na dari, kitanda changu kimebanwa katikati, dirisha limebaki nusu. Mpaka leo belo likifunguliwa mahali, ile harufu ya dawa ya nondo na nguo za watu wa mbali ikinifikia, natoka nje. Katika chumba kile ndimo nilimougua.

Waliokuja kuniona walisema nina huzuni. Uongo. Mwenye huzuni analia, na mimi sikuwa na chozi hata la kusingizia. Kuoga ilikuwa kazi ya kutwa. Nikivaa kiatu kimoja, cha pili kilinishinda, nikakaa nacho mkononi mpaka watu wanarudi sokoni. Nilitaka kutokuwepo, basi, wala si kwa hasira, nilitaka tu nisihesabiwe. Mama mkubwa aliniletea mtori wa ndizi kila mchana, umepondwa ukalainika, una nyama na siagi, kama anavyopikiwa mzazi. Akina mama wa jumuiya walikuja kuniombea kwa sauti za upole, halafu wakienda sebuleni kunywa chai waliongea kwa sauti za kawaida, wakisahau kwamba ukuta ule ulikuwa wa mbao. "Ni mwanaume tu huyo, hakuna lingine." "Mwanaume gani? Karogwa na wenzake wa ofisini." "Arogwe kwa kazi gani, na kazi yenyewe hana?" Wakacheka, wakaongezewa chai. Hakuna hata mmoja aliyesukuma mlango akaniuliza mimi. Na bingwa wa kutouliza alikuwa mama mkubwa mwenyewe. Nikisema sitaki, alijaza kijiko akanisogezea mdomoni: "Mgonjwa haulizwi uji." Watu wanausema msemo ule kwa upendo, na yeye aliusema kwa upendo. Niliuchukia kuliko ugonjwa.

Mwaka ule ule zahanati za watu binafsi zilikuwa zimefunguliwa kila mtaa, na mama mkubwa, aliyekuwa na imani kubwa na kitu cha kulipia, akanipeleka kwenye moja iliyokuwa ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa. Ngazi zile nilizipanda nikishikwa kiuno. Daktari alikuwa na koti jeupe jipya lenye mikunjo ya pasi, na maswali yake yote alimuuliza aliyenileta. "Analala?" "Analala mno." "Anakula?" "Namlisha." "Anaongea?" "Na nani?" Mimi nimekaa katikati yao kama mzigo unaosubiri kupakiwa. Akaandika amitriptilini, vidonge vya kuinua moyo, akasema nivinywe kila jioni na nisiviache. Mama mkubwa akavitia kwenye kopo la majani ya chai, akaliweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, juu kabisa, na kila jioni alinipa kidonge kwenye kisosi. Hilo tu. Hakuna aliyeuliza nilikuwaje kabla sijaugua. Kwa mfano ule msimu wa masika nilipokuwa chuo cha uhazili, nilipoimba kwaya tatu kwa pamoja, nikasoma usiku kucha wiki nzima bila kuchoka, nikamwandikia mkuu wa chuo jinsi ya kuendesha chuo chake. Wenzangu walisema nimechangamka. Mimi nilijua si kuchangamka, lakini ningemwambia nani?

Mwanzoni vidonge vilinikausha mdomo na kunizidishia usingizi. Kisha asubuhi moja nikasikia harufu ya kahawa kutoka jikoni, nikaitamani. Jamani, kutamani kahawa! Nikainuka, nikaoga, nikavaa viatu vyote viwili. Mama mkubwa aliponiona mlangoni aliachia mwiko. "Ruwa wangu!" akamwita Mungu kwa Kichaga, na machozi yakamtoka. Ningekuwa nimeishia pale, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini sikuishia pale. Ndani ya siku chache nilikuwa silali na wala sichoki. Nilifungua mabelo yote ya chumbani nikayapanga upya kwa rangi. Nikaenda dukani, nikaita wateja kutoka upande wa pili wa barabara, nikamuuzia shuka mtu aliyekuja kuuliza njia. Elinami ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia shaka. "Mama, huyu mbona anaongea bila kupumua?" Mama mkubwa akamkatiza: "Mwache mwenzio. Alinyamaza miezi mingi, anafidia." Na kwa wateja alijisifu: "Huyu sasa ndiye Mchaga. Yule mwingine sijui alikuwa nani."

Hilo ndilo kosa ambalo, nadhani, watu wa kabila letu tu katika mwaka ule tu wangeweza kulifanya. Kwingine mtu asiyelala, anayefungua duka alfajiri na kupanga maduka mengine matatu kwa mdomo, wangemwogopa. Sisi tulimpigia vigelegele. Kila mtu mjini alikuwa anakimbia, ningeonekanaje mgonjwa kwa kukimbia? Lakini mimi nilijisikia. Naomba hili lieleweke, maana baadaye walisema sikujijua. Mikono ilinitetemeka, mawazo yalisukumana, na jioni moja nilimwambia mama mkubwa akiwa ameshika kile kisosi: "Mama mkubwa, hivi vidonge vinanikimbiza." Akanijibu, "Bora kukimbia kuliko kulala. Meza." Tuliporudi kwa yule daktari wa ghorofani alifurahi, akaongeza dozi. Wiki iliyofuata nilitumwa Namanga kufuata mzigo, na njiani kurudi nikamwamuru dereva wa pikapu asimame Oldonyo Sambu, nikawagawia wachungaji wa ng'ombe mashuka ya mama mkubwa kwa sababu niliona wanasikia baridi. Walikuwa hawasikii baridi hata kidogo. Wazee wa watu walishukuru kwa adabu, wakabaki wameyashika.

Hata hapo hawakushtuka. Walisema nina moyo wa kutoa, na kwamba wakati wa shukrani umefika. Kwetu Walutheri wa huku, mtu akipona au akijifungua salama analeta shukrani yake madhabahuni: ndizi, mayai, jogoo, anachojaliwa. Ibada ikiisha vitu vinatolewa nje, mzee wa kanisa anavinadi, na watu wanavinunua kwa bei ya kumpendeza Mungu, si ya sokoni. Jumapili hiyo mama mkubwa alinivika gauni jipya, akasimama nami mbele akashuhudia jinsi Bwana alivyoniinua. Mnada ulipoanza mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nikanunua mayai. Nikanunua jogoo. Watu wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi. Lilipoletwa debe la mahindi nikataja bei, na kabla mtu hajafungua mdomo nikajipandia mwenyewe, nikajipandia tena. Mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, akasema, "Binti, sasa unashindana na nani?" "Na Aika!" nikapaza sauti. "Na leo Aika hashindwi!" Vicheko vikapasuka. Nikapanda juu ya benchi, nikatangaza kwamba ninanadi pia duka la mama mkubwa, lote, na mashuka yake na funguo zake, kwa ajili ya maskini wa Mlima Meru. Hapo kicheko kikaanza kufa, mtu mmoja mmoja, kuanzia nyuma. Nilivua viatu nikavitia kwenye mnada. Nilikuwa naanza kuvua gauni nilipohisi mikono ya Elinami kiunoni, na jambo la mwisho ninalolikumbuka ni uso wa mama mkubwa, na mkono wake umeziba mdomo.

Nilichomwa sindano za kulaza katika hospitali nisiyoitaja, nikakaa wodini mpaka kasi ikaisha. Ikaisha yote. Nilirudi Kijenge nimeanguka chini zaidi ya mara ya kwanza, katikati ya mabelo yale yale, na sasa nina aibu juu yake. Nyuma ya ukuta wa mbao mazungumzo yakaanza tena. "Vile vidonge vya kwanza si vilimponya?" akauliza mmoja wa jumuiya. "Vilimponya kabisa," mama mkubwa akasema. "Ni ile furaha tu ilimzidi." "Basi mrudishie, unangoja nini?" Nikasikia kabati la vyombo vya wageni likifunguliwa. Nilikuwa sina nguvu ya kugeuza shingo, lakini nakwambia, sauti ya lile kopo ilinikalisha kitandani. Mama mkubwa akaingia na mtori mkono mmoja, na kisosi mkono wa pili. Nikafumba mdomo. Akabembeleza, nikafumba. Akakaripia, nikafumba. Akaniita kwa jina langu kamili, "Aikaruwa, mgonjwa haulizwi uji!" Nikausukuma mkono wake, kisosi kikaanguka, kidonge kikaingia chini ya mabelo. "Mimi niulizwe!" nikasema. "Mwili ni wangu, niulizwe!" Sikuwa nimepandisha sauti kwa mkubwa maisha yangu yote. Akasimama pale na bakuli lake, mtori unamwagika kidogo kidogo kwenye kanga. "Unataka kufa mikononi mwangu?" akauliza. "Sitaki kufa," nikamwambia, na ndipo nilipojua kwamba kweli sitaki. "Sitaki kukuuzia duka mara ya pili. Nipeleke kwa daktari atakayeniuliza mimi. Asiponiuliza, nitameza chochote unachotaka." Akakaa kwenye belo, akalia. Na mimi, niliyekuwa sina chozi, nikalia naye.

Jumuiya nzima ilimwambia asinisikilize. Mwendawazimu anachagua dawa? Alinipeleka hivyo hivyo, kwenye kliniki ya magonjwa ya akili iliyokuwa chumba cha mwisho cha hospitali kubwa, benchi lake likitazamana na ukuta ili watu wasionane. Daktari alikuwa mwanamke mwenye mafua, anajifuta pua kila baada ya sentensi. Mama mkubwa alipoanza kueleza, akamwambia, "Mama, naomba utusubiri nje kidogo." Kisha akanigeukia. "Haya, wewe. Ilianzaje?" Nikaanza na kile kiatu cha pili, naye hakunikatiza. Akaniuliza kama kabla ya kuanguka kwangu kwa kwanza niliwahi kuwa na kipindi cha kutolala bila kuchoka. Nikamwambia kuhusu kwaya tatu na barua kwa mkuu wa chuo. Akaacha kujifuta pua. Akaniuliza vidonge vilinifanya nini, hatua kwa hatua, nami nikamwambia, mpaka wachungaji wa Oldonyo Sambu, na akacheka, na kicheko chake hakikuniuma. "Ugonjwa wako una kupanda na kushuka," akasema. "Ulipoletwa ulikuwa chini, wakaona chini tu. Mtu wa aina yako akipewa dawa ya kuinua peke yake, bila dawa ya kumshikilia, inaweza kumrusha juu. Wewe ilikurusha." Nilikuwa nimelisema hilo jioni ya kisosi, kwa maneno matatu. Vinanikimbiza. Ningeulizwa siku ile!

Sisemi vidonge vile ni vibaya. Jirani yangu wa sasa vimemrudisha duniani, na ninamkumbusha kuvinywa. Hata mimi, miaka mingi baadaye, daktari mwingine alinipa dawa ya kuinua juu ya ile ya kunishikilia, akinitazama kwa karibu, na nilikubali kwa kuwa aliniuliza. Siku ile ya kliniki, dawa ya kunishikilia iliyopatikana ilikuwa kabamazepini, na Arusha nzima iliijua kwa jina moja: dawa ya kifafa. Mama mkubwa alipoona pakiti aliniwekea mkono begani, akanipeleka pembeni. "Aika, ukionekana na hizi watasema una kifafa. Hawatakunywa kwenye kikombe chako. Hakuna atakayekuoa." Wakati ule watu waliamini kifafa kinaambukiza kwa mate, na wapo wanaoamini mpaka leo. Nikamwambia, "Waseme." Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika na kitu chochote duniani isipokuwa kwamba zile nyingine sizimezi tena.

Wakasema. Yule mama aliyeshauri nirudishiwe vidonge alikuja jumuiya na kikombe chake mwenyewe kwenye mkoba. Wateja wakapenda kuhudumiwa na Elinami. Mimi nikameza, nikasinzia, nikanenepa, nikaenda kupima damu nilipoambiwa, na polepole mno, kwa namna ambayo haina hadithi, nikaanza kuoga bila kufikiri. Sikuwa na furaha ya ajabu. Niliweza kukaa dukani mchana kutwa nikauza shuka kwa mtu aliyetaka shuka. Mwishoni mwa mwaka nikamwambia mama mkubwa kwamba Jumapili nitapeleka shukrani. Akanisihi nisiende. "Watu wanasahau, Aika. Usiwakumbushe." Nikaenda sokoni, nikanunua mkungu mkubwa wa ndizi, umekomaa vizuri, kwa mama mmoja aliyetoka Kikwe, nikaubeba mwenyewe mpaka madhabahuni.

Mchungaji akanipa kipaza sauti kwa wasiwasi. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mwaka huu mlisimama hapa mkasema nimepona. Sijapona. Nina ugonjwa, nina dawa, naimeza kila siku, na sina kifafa, ingawa ningekuwa nacho nisingeona aibu. Nimetulia. Nashukuru kwa kutulia." Watu hawakujua kama hapo ni pa kuitikia amina. Nje, mkungu wangu ulipowekwa mezani, yule mzee mnene akaunadi kwa sauti yake ya kengele, na uwanja ukanyamaza. Akanadi tena. Watu wakatazama viatu vyao. Ndizi zina maganda, jamani, lakini hata maganda hayakutosha kuwakinga na mimi. Nikasema moyoni, haya, nitaubeba nirudi nao. Ndipo sauti ikatoka chini ya mti wa kengele: mama mkubwa, mkono juu, ametaja bei ya kuku wawili. Mzee akashukuru, akataka kugonga meza. "Bado!" akasema mama mkubwa, akapandisha. Kimya. Akapandisha tena, akisogea mbele, watu wakimpisha. "Mama Elinami," mzee akasema kwa sauti ndogo, "unashindana na nani?" "Na nyinyi mliokaa kimya," akamjibu. "Mtoto wangu haendi kwa bei ya huruma." Akapandisha mara moja zaidi, akalipa, akakataa kusaidiwa, akajitwisha mkungu kichwani, viatu vyake vya Jumapili miguuni, tukatembea mpaka Kijenge.

Hilo, Elinami, ndilo lililostahili kusomwa. Tulipofika akamenya zile ndizi, akapika mtori, nami nikalala kidogo kati ya mabelo. Akaja na bakuli tupu na kijiko, akasimama mlangoni. Hakuingia. "Aika," akasema, "nikupakulie sasa, au baadaye?" Nilikuwa na njaa ya kweli, na harufu ya nyama ilikuwa imejaa nyumba nzima. "Baadaye, mama mkubwa," nikamwambia. "Haya," akasema, akarudi jikoni kufunika sufuria.